Kimbunga kinafika Alhamisi usiku na mama analala na mashine ya oksijeni. Umeme ukikatika nifanyeje?

KandiliLaUsiku (mleta mada), Jumatatu saa 3 usiku

Wakuu habari za usiku. Sina muda wa kupamba maneno, naombeni mawazo.

Watu wa hali ya hewa wametangaza kwamba kimbunga kitaingia nchi kavu Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa. Sasa hivi kiko daraja la 2, na huenda kikafika la 3 kabla ya kutufikia. Watu wa umeme nao wametuma ujumbe tujiandae kukaa gizani "siku kadhaa". Hiyo kadhaa ndiyo inayoninyima usingizi.

Nyumba yetu haina ghorofa, na kwa mguu hadi ufukweni ni robo saa tu. Naishi na mama, ana miaka 71, mapafu yamechoka, analala na mashine ya oksijeni, ile ya kuchomeka ukutani. Mchana anaweza kukaa saa mbili tatu bila mashine. Usiku hawezi kabisa. Nilichonacho ni jenereta ndogo niliyouziwa na mtu, madumu mawili ya petroli, tochi mbili na redio ya mama ya betri. Jirani tangu asubuhi anabandika utepe wa karatasi kwenye vioo vyake, msalaba juu ya msalaba, nami nimeshika wa kwangu mkononi sijui nianze au niache.

Mama mwenyewe anasema ameona vimbunga vingi kuliko miaka yangu, haondoki kwake. Nianzie wapi?

KalamuNyeusi

Funga madirisha, funga mlango, sali, lala.

KandiliLaUsiku

Ahsante kaka. Ila mimi nikilala, mashine ya mama nayo inalala.

Nanga, Jumatatu saa 4 usiku

Mleta mada, nimekula chumvi ya bahari miaka mingi, nisikilize. Jenereta iweke pembeni kwanza. Niambie: sakafu ya nyumba yenu iko juu ya usawa wa bahari kwa mita ngapi?

Nauliza kwa sababu hilo daraja la 2 na la 3 linapima upepo peke yake. La 1 linaanzia kilomita 119 kwa saa, la 3 linaanzia 178, la 5 ni 252 kwenda juu, basi. Mvua haimo, bahari haimo. Na kinachoua watu wengi zaidi kwenye vimbunga ni maji. Katrina ya mwaka 2005 ilipopiga pwani ya Marekani ilikuwa imeshashuka hadi daraja la 3, watu wakashusha pumzi, kumbe bahari inakuja: pwani ya Mississippi maji yalipanda zaidi ya mita 8. Sandy ya 2012 ilipogusa nchi kavu wataalamu walikuwa wameshaivua hata jina la kimbunga kamili, lakini ilijaza maji njia za treni za chini ya ardhi New York na kuwaacha gizani wateja zaidi ya milioni 8. Harvey ya 2017 ndiyo kabisa, upepo ulipungua, yenyewe ikaganda pale pale juu ya Texas na kumwaga mvua iliyopita milimita 1,500 sehemu moja, kwa siku chache tu.

Usifikirie ni wimbi moja kubwa la kupita na kurudi. Upepo unaisukuma bahari nzima kuja juu, inapanda kama maji kujaa, isipokuwa haijui pa kuachia. Maji yanayokimbia yakifika sentimita 15 tu yanamwangusha mtu mzima. Yakifika 60 yanabeba gari.

Halafu ile ramani yenye umbo la faneli. Watu huwa wanaangalia kama nyumba yao iko ndani au nje ya faneli, wakiona wako nje wanaenda kulala. Ile si ukubwa wa kimbunga. Inaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi, na kwa ramani za kituo cha vimbunga cha Marekani kitovu hubaki ndani ya faneli mara mbili katika kila tatu. Ya tatu hiyo ndiyo inayokukuta umelala.

MzeeMbishi

Vijana mnapenda kutiana hofu. Nimekaa ndani kwenye vimbunga vitatu nikiwa nakunywa chai. Bandika utepe kwenye vioo, acha dirisha moja wazi upande usio na upepo ili nyumba ipumue, paa haliondoki. Jenereta weka barazani isilowe. Mambo kwisha.

SeremalaHuru

Shikamoo mzee wangu, ila hapo kwenye dirisha na utepe nitakupinga kwa heshima zote.

Utepe hauzuii kioo kuvunjika. Kinachofanya ni kwamba kikivunjika kinakuja kwa mapande makubwa yaliyoshikana, badala ya chembe unapigwa na panga. Na dirisha la kuacha wazi ndiyo njia ya haraka ya kupoteza paa. Upepo ukiingia ndani unasukuma paa toka chini, huku ule wa nje unalivuta toka juu. Wakikutana hapo kenchi hazina ubishi. Nyumba inatakiwa ifungwe kila upande. Haina haja ya kupumua.

Mleta mada, utepe rudisha dukani. Tafuta plaiwudi ya milimita 16 au inayokaribia hapo, kata ipite fremu pande zote, funga kwa skrubu zinazoingia kwenye mbao au ukuta wenyewe, zisiishie kwenye plasta. Misumari ya kawaida inang'oka. Toboa matundu leo, andika namba nyuma ya kila ubao na kwenye dirisha lake, la sivyo Alhamisi jioni utakuwa unajaribisha mbao kama funguo, mvua mgongoni. Ukimaliza kazungukie uani. Ndoo, viti, vyungu vya maua, bati bovu lile ulilosema utalitoa mwakani, vyote ndani. Kwa upepo wa kilomita 180 chungu cha maua ni tofali lililorushwa.

Mlango wa gereji kama upo, ukazie kwa ndani. Huo ndio huwa unaanza.

NesiWaZamu, Jumanne saa 1 asubuhi

Nimetoka zamu nikakutana na uzi huu, sijalala. Mdogo wangu Kandili, hao wote wanasema kweli (ukimtoa mzee wetu) lakini wanaongelea nyumba. Mimi naongelea mama.

Kwanza jina lako zuri, ila kandili lenyewe liwe mbali naye. Wala mshumaa, wala jiko, wala sigara ya mgeni. Oksijeni haiwaki yenyewe, inakifanya kila kinachowaka kiwake kama kimemwagiwa petroli, na inakaa kwenye shuka na nywele hata baada ya kuzima mashine. Chumba cha mama ni tochi tu.

Pili tupige hesabu. Soma kibandiko cha nyuma ya mashine. Zile za kutoa lita 5 za oksijeni kwa dakika nyingi zinakula kama wati 350. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, kubwa na nzito ile, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, na huruhusiwi kuinywa zaidi ya nusu kama unataka iishi. Ukitoa na kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, unapata saa moja na nusu. Usiku mmoja una saa ngapi?

Mtungi wa oksijeni sasa. Mtungi wa lita 680, mgonjwa akiwa kwenye lita 2 kwa dakika, ni saa tano na dakika arobaini. Kwa hiyo usiku mmoja mitungi miwili, na kidhibiti chake kiwe kinafunga sawasawa. Leo hii, si kesho, mpigie anayewahudumia, muombe mitungi ya akiba na muulize mama yuko kwenye lita ngapi. Usikisie. Usiongeze mwenyewe kwa sababu umemwona anahema.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kulala. Jenereta ni ya baada ya kimbunga. Wakati kimbunga kinavuma huwezi kuiwasha nje, na ndani hairuhusiwi hata kwa dakika moja. Kwa hiyo zile saa kumi, kumi na mbili za upepo mkali, wewe huna jenereta. Una mitungi au huna kitu.

KandiliLaUsiku

Dada, nimesoma mara mbili. Kibandiko kinasema wati 360. Mtungi tunao mmoja, mshale wa kipimo chake uko chini ya nusu. Kweli sikuwahi kufikiria kwamba jenereta haitanisaidia usiku wenyewe.

MzeeMbishi

Barazani inawaka vizuri tu, nimeshafanya.

FundiWaya, Jumanne saa 4 asubuhi

Mzee wangu, umeshafanya na ukaamka. Hao ambao hawakuamka hawaandiki humu.

Moshi wa jenereta una gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, unahisi uchovu, unasema ngoja nijinyooshe kidogo, ndiyo imetoka hiyo. Laura ilipopiga Louisiana mwaka 2020 kuna watu upepo uliwapita salama, wakauawa na jenereta zao wenyewe kwenye giza lililofuata. Umbali ni mita 6 kutoka kwenye mlango au dirisha lolote, bomba la moshi likiangalia kwingine, na baraza haihesabiki kuwa nje. Mama mwenye mapafu ya namna ile ndiye wa kwanza kuondoka, kabla wewe hujahisi chochote.

Sasa la pili, na hapa naomba kila mtu asome hata kama jenereta hana. Kuna waya fulani mtaani wanautengeneza wenyewe, una kichwa cha kuchomeka pande zote mbili. Upande mmoja kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka, mtu anajiona mhandisi. Huo umeme hauishii kwako. Unatoka kupitia mita, unapanda hadi kwenye transfoma, na transfoma haijui kwamba leo kazi imegeuka, inaupandisha kuwa maelfu ya volti kwenye laini ambayo fundi ameambiwa imezimwa. Nilikuwa chini ya nguzo, nimeshika kamba ya vifaa, mwenzangu yuko juu. Tulishazima laini, tulishapima. Mtu nyumba ya tatu akawasha jenereta yake aangalie taarifa ya habari. Mwenzangu yu hai, lakini mkono wa kushoto hauna vidole vitatu. Mwenye jenereta alikuja kutupa pole, akauliza umeme utarudi lini.

Kama unataka nyumba ipate umeme wa jenereta, inafungwa swichi ya kugeuza, inayotenganisha kabisa laini ya nje na yako. Bila hiyo, chomeka vyombo moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya mnene wa nje. Mashine ya mama, friji, chaja, inatosha.

Kandili, leo iwashe hiyo jenereta na mashine juu yake ikae saa nzima. Umeuziwa na mtu, wewe unajuaje? Petroli iliyokaa miezi kwenye tangi imwage. Na usijaze mafuta ikiwa ya moto, zima, subiri ipoe.

Wenye sola juu ya paa nanyi msijidanganye. Mfumo uliounganishwa na gridi bila betri unajizima wenyewe umeme wa nje ukikatika, jua liwe kali vipi. Umetengenezwa hivyo makusudi, kwa ajili ya mtu kama yule mwenzangu.

KalamuNyeusi

Duh. Nimeenda kuuangalia waya wa kwangu. Nimeukata katikati.

FundiWaya

Mungu akubariki ndugu yangu. Nasema kwa dhati.

MamaWaWawili, Jumanne mchana

Naona wanaume mmeshika nguzo na mbao, jiko mmetuachia. Haya.

Maji ya kunywa hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, siku tatu ndiyo chini kabisa, mimi naweka za wiki. Umeme ukikatika pampu zinakatika, na maji ya bomba yanakata siku ya pili au yanakuja na rangi ya chai. Jaza kila chenye mdomo: madumu, ndoo, sufuria, beseni la kuogea, hayo ya mwisho ni ya chooni. Ya kunywa yakiisha, chemsha mpaka yatokote dakika nzima. Kama huna moto, tumia ile klorini ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato, ya asilimia 5 au 6, matone mawili kwa lita, koroga, subiri nusu saa. Maji yakiwa na ukungu chuja kwanza kwa kitambaa, halafu matone yawe manne.

Friji likifungwa lisifunguliwe linahimili saa nne. Friza iliyojaa inafika saa 48, ya nusu ni 24. Kwa hiyo ijaze, nafasi zilizobaki weka chupa za maji yagande. Na muwakataze watoto kufungua kila dakika kuangalia kama taa imerudi!

Kaujanja kangu: gandisha kikombe cha maji ndani ya friza, kikishakuwa barafu weka sarafu juu yake. Ukiondoka nyumbani ukarudi, angalia sarafu iko wapi. Ikiwa juu, chakula kilibaki baridi. Ikiwa imezama chini, barafu iliyeyuka yote, na hata kama sasa umekuta pameganda tena usile. Kunusa hakusaidii, wadudu wa kuua hawana harufu.

Zamaradi

Samahani kuingilia, mimi mzee wangu yuko kwenye insulini. Friji likizima inaharibika papo hapo?

NesiWaZamu

Hapana mpenzi. Kichupa kilichofunguliwa nyingi zinavumilia joto la chumba, isipite nyuzi 30, hadi siku 28, soma karatasi yake uhakikishe. Kinachoiharibu haraka ni jua, gari lililofungwa, na barafu kuigusa. Ikiganda tupa. Kama kwenu joto linazidi, iweke ndani ya mfuko usiopitisha maji, mfuko uingie kwenye chungu cha udongo kilicholoweshwa, kivulini penye hewa. Na dawa zote za wiki mbili chukueni leo, kabla foleni haijatoka nje ya mlango.

Kandili, upo? Kuna jambo sijakuambia. Maria ilipopiga Puerto Rico Septemba 2017 ilizima kisiwa karibu chote, na nyumba ya mwisho ilirudishiwa umeme baada ya kama miezi 11. Serikali ya kule baadaye ilikubali makadirio ya vifo 2,975, na wengi wao upepo haukuwagusa. Ni wazee, ni wagonjwa, ni wiki na miezi ya baadaye, hakuna umeme, hakuna dawa, barabara hazipitiki. Ida ya 2021 pale New Orleans ikawa hivyo hivyo, joto ndani ya nyumba zisizo na umeme likaua watu upepo ukiwa umeshakwenda zake. Ndiyo maana nakuuliza: mna pa kwenda?

KandiliLaUsiku, Jumanne saa 12 jioni

Nipo dada. Nimeshinda kwenye foleni ya petroli.

Jenereta nimeiwasha kama fundi alivyosema. Dakika ishirini ikaanza kukohoa, mashine ya mama ikapiga king'ora, ikazima. Mtungi wa pili nimeahidiwa, haujafika. Na Nanga, nimepata jibu la swali lako: mita mbili na nusu.

Pa kwenda tunapo. Dada yangu anaishi bara, mwendo wa saa nne kwa gari, mlimani kidogo. Tatizo ni mama. Nimemweleza hesabu za wati, nimemweleza bahari, ananiangalia tu. Anasema "nitafia kwangu".

Nanga

Mita mbili na nusu, robo saa kutoka ufukweni. Mwanangu, hapo hakuna mjadala wa jenereta. Ondokeni, tena kesho mchana, msingoje Alhamisi. Upepo ukishafika nguvu ya kuyumbisha gari hakuna anayekuja kuwachukua.

MamaWaWawili

Mzee haumwondoi kwake kwa kumwambia atakufa. Hilo alishalifikiria zamani kuliko wewe. Dada yako ana watoto?

KandiliLaUsiku

Ana kachanga ka miezi miwili.

MamaWaWawili

Basi dada yako ndiye apige simu, wewe kaa pembeni. Ampigie usiku huu, aseme mtoto analia hatulii, mume kasafiri, anaogopa kukaa peke yake na kimbunga, mama njoo. Mwanamke wa miaka 71 hakimbii kimbunga. Ila mjukuu ataenda kumlea hata kwa mguu.

KandiliLaUsiku, Jumatano saa 11 alfajiri

Mama amefunga begi lake tangu saa nane usiku. Sasa ananigombeza mimi kwamba tunachelewa.

Mbao nimefunga madirisha yote isipokuwa la bafuni, plaiwudi iliisha. Nimechomoa kila kitu ukutani, nimepiga picha kila chumba, vyeti na hati viko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi la dawa. Nimezima swichi kuu. Mama Wawili, friza niliiachia laini yake peke yake, kuna nyama watu wameniwekea humo, na kikombe chenye sarafu kimo.

FundiWaya

Hapo sasa umenifurahisha na kunichanganya kwa pamoja. Umezima swichi kuu au hujazima?

KandiliLaUsiku

Nimezima zote ndogo, kasoro ya friza. Nimekosea jina. Usingizi.

Nanga, Alhamisi saa 8 mchana

Kwa mnaobaki. Simu iwe kwenye hali ya kubana chaji, tumia ujumbe mfupi, unapita hata pale simu inapokataa kuita. Fedha taslimu ziwe mkononi, mtandao ukifa na miamala imekufa. Upepo ukianza, kaa chumba cha katikati kisicho na dirisha. Maji yakianza kuingia panda juu, lakini usijifungie darini kusiko na tundu la kutokea. Kwenye Katrina kuna waliokwama huko maji yakiwafuata. Nenda na shoka.

Mzee Mbishi, uko wapi?

MzeeMbishi

Nipo kwangu, nakunywa chai. Upande wa kaskazini nimeziba mbao, upepo wa kwetu siku zote unatokea huko. Utepe nimebandua, msinisumbue.

MzeeMbishi, Alhamisi saa 5 usiku

Umeme umekatika saa 3 na nusu. Mlio wa kitu hiki siwezi kuuandika. Bati moja limeondoka jikoni. Chaji asilimia 34.

MzeeMbishi, saa 7 na dakika 10 usiku

Kimekwisha. Ghafla tu kimya. Natoka na tochi kuangalia paa.

Nanga

MZEE USITOKE. Hilo ni jicho la kimbunga, uko katikati yake. Upepo unarudi, tena unarudi kutoka upande wa pili. Ingia ndani, hamia upande wa kaskazini, kule ulikoziba.

Nanga

Mzee?

NesiWaZamu

Mzee wetu tuandikie hata nukta.

MzeeMbishi, Ijumaa saa 10 jioni

Nipo. Nimechajia kwenye gari la jirani.

Nilitoka. Nyota zilikuwa zinaonekana, mbingu safi kama usiku wa kiangazi, wala jani halitikisiki. Nikaliona bati langu limelala uani kwa jirani, nikaenda kulichukua. Nimeliinua tu nikasikia mngurumo kama lori linapanda mlima, kwa mbali, na hakuna barabara upande ule. Nikalitupa. Sikujua kwamba bado naweza kukimbia. Ujumbe wako Nanga nimeusoma leo.

Upepo ulirudi kutoka kusini. Dirisha la kusini, lile ambalo sikuliziba, liko sebuleni vipande vipande, na mguu wa meza uko ukutani, umejikita. Nililala kwenye kabati la nguo. Mimi, na umri huu.

SeremalaHuru

Pole sana mzee wangu. Nikifika maeneo hayo nakuja kukufungia mwenyewe, pande zote nne, chai juu yako.

FundiWaya, Jumamosi asubuhi

Mnaorudi nyumbani: waya wowote ulioanguka uhesabu una umeme, hata kama mtaa mzima uko giza, kaa mita 10 mbali, na usimguse aliyeugusa. Kama sakafu ina maji usisogelee swichi kuu, ita fundi. Vyombo vilivyolowa visichomekwe kwa sababu tu vimekauka kwa nje. Na mnaopanda juu ya paa, subirini liwe kavu na muwe wawili. Wiki hii hospitali huwa zinapokea walioanguka kuliko waliopigwa na kimbunga, dada Nesi shahidi.

NesiWaZamu

Shahidi. Jana watatu, mmoja na msumeno.

KandiliLaUsiku, Jumatatu saa 9 alasiri

Wakuu, nimerudi peke yangu kuangalia nyumba. Mama yuko bara, umeme kule ulikatika kwa muda wa saa sita tu, mitungi miwili ikatosha na ikabaki. Mjukuu amebebwa mgongoni tangu tufike, sidhani kama watanirudishia mama hivi karibuni.

Maji yaliingia. Alama iko ukutani, nimeipima kwa mkono, inafika chini kidogo ya godoro la mama, pale anapolaza kichwa. Mbao zote zimesimama. Dirisha la bafuni halipo. Umeme bado, na kwenye laini ya mtaa wetu kuna nguzo tatu chini.

Friza ilielea ikahamia mlangoni, haikupinduka. Nimeifungua. Kikombe kimejaa maji, sarafu iko chini kabisa. Jirani amekuja na sufuria, anasema nyama haijabadilika harufu, tugawane. Nimemwonyesha sarafu hajanielewa, sasa hivi nachimba shimo uani na yeye amesimama hapo hapo ananihesabia vipande.